Mgongo wa Bwana Kapu Tupu

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Basi, nilikuwa nimefika wapi kabla mashine ya kufulia haijaanza kurukaruka? Eeh, kwenye lile gari. Sasa nisikilize wewe daftari, maana ndiwe uliyebaki. Mwanangu wa kike kaninunulia, kasema, "Mama, umbea wako andika, sisi masikio yamejaa." Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, ila mdomo wangu umesoma mpaka chuo.

Gari lenyewe ni haya magari-nyumba yanayokuja hapa kambini msimu wa samaki. Ndani kitanda, jiko, choo, kila kitu, watu wanatembea na nyumba zao kama konokono. Kanuni ya Bosi ni moja: kila gari linaegeshwa pua ikiangalia geti, ili mto ukijaa watu watoke mbio. Huyu mzee kaingia kiwanja namba tisa, karudi kinyumenyume, kalaza ubavu wa gari upande wa mto. Katoka na uzi. Kapima kutoka dirishani hadi majini. Kaingia, kasogeza kidogo, katoka, kapima tena. Mara sita! Mlinzi kamfuata.

"Mzee, hapa hatuegeshi hivyo."

"Naomba tu, mwanangu."

"Ni kanuni."

"Nimeshapita kambi nne. Ya kwanza dirisha linaangalia vyoo. Ya pili ukuta. Ya tatu gari la jirani. Ya nne mto upo, lakini mpaka usimame ndiyo unauona. Mimi natafuta mto unaoonekana ukiwa umelala."

Mlinzi kacheka, na mimi nyuma ya kamba ya nguo nikacheka. Mto wa kutazama ukiwa umelala! Si ununue picha? Bosi kaja na mwavuli wake, wakanong'ona pembeni, kisha Bosi karudi kasema, "Mwacheni." Akaenda zake. Bosi huyu, asiyesamehe hata mende! Mwenzangu, toka hapo nawashwa. Mkewe yumo ndani, nimeona pazia linatikisika, yeye mwenyewe sijamwona.

Tarehe 3

Mvua. Mashuka hayajakauka. Mzee yuko mtoni toka asubuhi.

Tarehe 5

Huyu mtu hajui kuvua. Nasema kwa haki yangu mimi niliyefanya kazi miaka kumi na mbili hapa, nikifua mashuka na kusugua vyoo vya wavuvi. Kasimama pale kwenye kina kifupi, mbele ya namba tisa, ninapooshea mafagio. Maji ya pale hayafiki goti. Pale hata chura akipita anaomba radhi. Kavaa koti la mvua la njano na kofia pana, katupa ndoano, basi, kama mlingoti. Jioni kapu ni tupu.

Muuza Chambo anayekaa na meza yake karibu na geti kamuuliza mbele za watu, "Mzee, vipi, leo umeshika ngapi?"

"Bado."

"Wameshakuzoea hao. Kesho watakuletea kiti."

Tulicheka, sisemi uongo. Mimi ndiye niliyempa jina, Bwana Kapu Tupu. Hadi saa mbili usiku kambi nzima wanamwita hivyo. Nina kipaji.

Na kingine. Kila baada ya muda anainua kofia, hivi, kama anamsalimia mtu, halafu anairudisha. Na mtu hayupo! Anausalimia mto? Mlinzi anasema kichwa kimelegea parafujo.

Tarehe 9

Mke bado hajatoka. Siku ya nane. Nimemwambia Mlinzi, "Huyu kamfungia mkewe ndani." Mlinzi kasema, "Usiseme." Nikamwambia, "Nasema. Mwanaume wa kweli atamwacha mkewe kwenye bati siku nzima, yeye anacheza na fimbo?" Muuza Chambo kasikia. Mke wa gari namba nne kasikia. Mpaka jioni mama mmoja wa namba sita kakataa kumrudishia Bwana Kapu Tupu salamu. Kamgeuzia uso kabisa. Nikaona vizuri, ajue watu wana macho.

Tarehe 12

Mto umepanda kidogo. Mashine imekula soksi.

Tarehe 14

Daftari, leo sitanii.

Bwana Kapu Tupu kaja mlangoni kwangu, kavua kofia, kasema, "Mama Mashuka, samahani, kitanda kimechafuka, naomba unisaidie kubadilisha mashuka. Mimi nikimnyanyua namuumiza." Nikabeba mashuka, moyo unaruka kwa furaha, nikajua leo naingia, leo naona.

Nimeingia. Kitanda kiko chini ya dirisha. Juu yake kuna mtu mdogo, mdogo, kama nguo iliyosahauliwa kitandani. Macho tu ndiyo makubwa. Kaniangalia kasema, "Wewe ndiye mwenye sauti."

"Sauti gani, dada?"

"Inayocheka nyuma ya kamba ya nguo. Bwana Kapu Tupu." Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Umempatia. Nyumbani nilikuwa namwita Saa Mbovu."

Nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu. Mzee kamtazama mkewe, midomo ikaanza kumcheza, mkewe kamwambia haraka, "Nenda mtoni, baba. Nenda, mwenye sauti yupo." Kachukua koti lake katoka.

Nikawa nabadilisha shuka kidogo kidogo, namgeuza kama yai. Sikuuliza, wallahi sikuuliza, yeye mwenyewe kanieleza. Daktari aliwaambia warudi nyumbani, hakuna tena cha kufanya. Nyumbani kwao dirisha la chumbani linatazamana na ukuta wa duka. Kamwambia mumewe, "Mimi sifi nikiangalia tofali." Ndiyo wakaazima hili gari kwa shemeji yao wakaanza kutafuta mto.

"Na yeye mbona hakai na wewe ndani?" Hilo niliuliza.

"Namfukuza mimi. Akikaa hapa ananitazama, akinitazama analia, akilia na mimi nalia, siku inaisha tumelowa tu. Huyu alikuwa fundi saa. Miaka thelathini na moja kainama mezani dukani, mimi nakaa nyuma nashona vifungo. Uso wake nauona wakati wa kula, siku nzima naona mgongo. Mgongo wake naujua kuliko uso. Ukiwa na furaha naujua, ukiwa na deni naujua. Sasa anasimama pale, mimi naangalia. Akiinua kofia maana yake, nipo."

Nikachungulia dirishani. Kweli. Ukilala pale, huoni kona ya mto, huoni miamba, huoni wavuvi wenzake. Unaona kipande cha maji, na koti la njano katikati. Basi kwa hiyo kasimama pasipo na samaki!

Ilipofika muda akainua kofia. Mkewe kainua vidole viwili juu ya shuka. Yule kule hawezi hata kuviona.

Nimefua mashuka yale kwa mikono. Mashine sikuiamini.

Tarehe 15

Sijasema na mtu. Mlinzi kaniuliza kama nina homa.

Tarehe 17

Nimezunguka kambi nzima kuyarudisha maneno yangu. Mama wa namba sita kanisikiliza, kasema, "Kumbe!" halafu kaendelea kukaanga mayai. Mke wa namba nne kasema, "Lakini bado, kumfungia mtu..." Nikamwambia hakufungiwa! Kasema, "Si wewe ulituambia?" Ubaya niliueneza kwa siku moja bila kuchoka. Wema naubeba siku ya pili hii na hakuna anayenipokea mzigo. Ulimi hauna mfupa lakini umenivunja.

Muuza Chambo peke yake ndiye ambaye hakubisha. Jioni kampelekea mzee kopo la minyoo, kaliweka chini, kaondoka.

Tarehe 18

Nilimpelekea mgonjwa supu. Alikunywa vijiko vitatu. Kasema chumvi kidogo.

Tarehe 20

Vijiko viwili. Nimemsimulia habari za namba nne na mumewe anayekoroma mpaka gari linatingishika. Kacheka kwa macho.

Tarehe 21

Mvua kutwa. Yeye kule ndani ya maji, koti la njano. Kofia juu, kofia chini.

Tarehe 24

Leo mgonjwa kaniambia kitu kwa mzaha, na mimi mzaha wa watu nauchukua kama agizo, hiyo ndiyo shida yangu. Kasema, "Mama Mashuka, miaka yote huyu bwana hajawahi kuniletea kitu alichokikamata. Saa za watu tu. Ningependa hata ninuse samaki wake mmoja." Akalala.

Nikatoka nikamfuata mzee majini mpaka maji yakaingia kwenye viatu. "Shemeji," nikamwambia, "mkeo anataka samaki."

"Kakwambia?"

"Kaniambia. Hapa hutapata, hata ukae mpaka uote mizizi. Nenda kule kwenye kona, chini ya miamba. Mvua hii maji yamekuwa ya udongo, wanauma hata uzi."

"Kule hanioni."

"Saa nne mpaka saa sita si ndiyo dawa inamlaza? Nenda hapo. Nitakaa naye mimi."

Katikisa kichwa. Kainua kofia, na mimi nikajikuta nageuka kuangalia dirisha.

Tarehe 26

Nimemrudia tena. Na Muuza Chambo kamwambia atampeleka mwenyewe. Kasema atafikiria.

Tarehe 28

Naandika taratibu.

Saa nne asubuhi mkewe kalala usingizi mzito. Muuza Chambo kaja. Mzee kavaa koti lake, Muuza Chambo kasema, "Livue hilo, baba. Samaki wa kule wakiona njano wanakimbia." Kamvalisha koti lake yeye la kijani chakavu. Mzee katundika la njano na kofia kwenye msumari wa mlango. Kamtazama mkewe. Kaniambia, "Akiamka niite."

"Nenda, shemeji. Ataamka na harufu ya samaki."

Wakaenda. Ni mwendo wa dakika ishirini mpaka kwenye kona. Mimi nikakaa kwenye kiti kidogo, nakunja soksi zake.

Haikufika hata nusu saa mkewe kafungua macho. Si kawaida yake. Kaangalia dirishani moja kwa moja, kama mtu anayeangalia saa.

"Yuko wapi?"

Hapo ningesema kweli. Ningesema, dada, kaenda kukuletea samaki, subiri. Angeweza hata kufurahi. Lakini mdomo huu, ambao haujawahi kukosa neno, ukachagua uongo. "Yupo hapa nyuma anafunga mshipi wa ndoano. Anashuka sasa hivi."

Pumzi yake ilikuwa imebadilika, inakuja, inakaa, inakuja. Nikashika mkono, wa baridi. Nikasema nikamwite. Kumkimbilia kule na kurudi ni dakika arobaini, na nani atabaki? Nikachungulia mlangoni, nikamwita Mlinzi, upepo na mvua vikanirudishia sauti yangu mwenyewe. Geti liko mbali.

"Simwoni," kasema. Akawa anajaribu kuinua kichwa. Daftari, kichwa kile kilikuwa hakina uzito, lakini alishindwa kukiinua.

Ndipo nikaliona koti kwenye msumari.

Sikufikiri. Nikalivaa. Halikufunga mbele, mimi na yule mzee ni kama mlango na dirisha. Nikavaa kofia, nikachukua fimbo ya fagio la vyoo iliyokuwa imeegemea gari, nikashuka majini. Nikasimama pale pale anaposimama, kuna jiwe bapa, miguu yake imelisafisha. Nikampa mgongo. Mvua inanipiga. Nikajikunja mabega kidogo kama anavyojikunja yeye, kama mtu anayetafuta parafujo ndogo mezani.

Nikainua kofia.

Ndipo nikakumbuka, ndani ya kofia nimefunga kitambaa changu chekundu. Chekundu kama nyanya. Nikairudisha haraka. Sijui alikiona. Sijui.

Sikuthubutu kugeuka. Nilijiambia, nikigeuka ataona uso. Nikasimama. Nikahesabu mpaka mia mbili, nikainua tena, safari hii kitambaa changu nimekishika humo humo ndani yake. Maji yalikuwa baridi na yanavuta. Mara ya tatu nikainua, na nadhani nilikuwa naongea peke yangu, "Nipo, nipo, nipo."

Halafu nikasikia kama kimya. Najua kimya hakisikiki, lakini nilikisikia. Nikatoka majini mbio.

Alikuwa amegeuza kichwa upande wa dirisha, macho wazi. Vidole viwili juu ya shuka. Mdomo ulikuwa umekaa hivi, sijui nisemeje, kama mtu aliyekuwa anataka kucheka akaahirisha.

Nikamfumba macho. Nikamnyoosha kichwa kwenye mto, akawa kama aliyelala. Nikalitundika koti msumarini, linatiririka maji sakafuni, nikapangusa maji. Yote hayo nilifanya, mikono yangu imezoea kazi.

Wakarudi. Nilimsikia kabla sijamwona, mzee anacheka njiani! Sauti yake ya kucheka sikuwa naijua. Kaingia na samaki mrefu kama mkono, kamshika kwa mikono miwili, kamwinua, na uso wake ulikuwa kama wa kijana anayeposa. Kaniona mimi kwanza.

Samaki kaanguka sakafuni. Alikuwa bado mzima. Akawa anapigapiga mkia.

Muda mrefu baadaye, mzee akiwa amepiga magoti, kaniuliza bila kugeuka.

"Aliamka?"

Nikasema, "Hapana, shemeji. Alienda usingizini."

"Heri," kasema. "Heri. Basi hakunitafuta."

Tarehe 29

Wamemchukua. Bosi alisimama getini bila mwavuli.

Tarehe 30

Watu wananifuata niwasimulie. Nimewaambia nina kazi.

Tarehe 4, mwezi wa nne

Mlinzi kaja na chai yake, kakaa kwenye ndoo, kasema, "Mama Mashuka, kwetu umbea umepungua mpaka nasinzia langoni. Umeugua?"

"Sijaugua."

"Basi niambie hata la uongo."

Nikamwambia, "La uongo ninalo moja, na limenitosha." Hakuelewa. Kanywa chai kaenda.

Tarehe 9

Mto umefika namba tisa. Jiwe bapa halionekani.

Tarehe 15

Siwezi kuosha mafagio pale. Nayaoshea bombani.

Miaka yote nilikuwa naamini siri ni kitu cha watu wenye kiburi. Leo najua ni kama jino bovu, unalala nalo, unaamka nalo, na kila chakula kinapitia hapo. Nilidhani nimempa mzee zawadi. Kumbe nimemnyang'anya. Mkewe alimtafuta, tena kwa pumzi ya mwisho, na yeye anatembea huko duniani akidhani hakutafutwa.

Tarehe 21

Mvua zimepungua. Bosi kasema Bwana Kapu Tupu kapiga simu, anataka namba tisa siku moja tu. Siku hizi hapa hakuna anayemwita hivyo, ila mimi nikiandika jina lingine sijui nimwiteje. Sikumuuliza jina lake hata siku moja. Nilimpa langu.

Tarehe 23

Anakuja kesho. Nimefua kila kitu, hata visivyo vichafu.

Tarehe 24

Kaja saa tatu. Peke yake, lile lile gari. Amepungua. Nimemfuata kabla hajazima hata injini, maana nilijua nikisubiri mdomo utachagua tena.

"Shemeji, nilikudanganya. Aliamka."

Kazima gari. Mikono kwenye usukani.

"Akaniulizia?"

"Akakuulizia. Nikamwambia unafunga mshipi. Akashindwa kuinua kichwa. Nikavaa koti lako, nikasimama kwenye jiwe lako, nikainua kofia. Mara tatu. Mara ya kwanza na kitambaa changu kikaonekana. Nilipotoka majini alikuwa ameshaondoka, macho dirishani. Alikufa ananiangalia mimi, shemeji. Na mimi ndiye niliyekutuma kwenye kona. Nitukane."

Hakunitukana. Akashuka, akanitazama kuanzia mabegani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyopimwa mtu na fundi cherehani. Na nakuapia, daftari, katabasamu.

"Wewe?" kasema. "Na koti langu?"

"Halikufunga."

"Angekujua tangu hatua ya kwanza. Hata bila kitambaa. Yule angeujua mgongo wangu katikati ya elfu."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Mwezi mzima nawaza kama aliona kitambaa, kumbe hakuhitaji kitambaa. "Basi mbona hakuniita? Sauti alikuwa nayo kidogo. Sufuria na kijiko vilikuwa karibu, angegonga."

Mzee kageukia mtoni. "Miaka yote dukani," kasema, "hakuwahi kumkatiza mtu akiwa kazini."

Tulilia pale wote wawili, mimi kwa sauti, yeye bila. Nikamwomba msamaha. Kasema msamaha tutauongea, kwanza ana ombi. Anataka kulala kwenye kile kitanda, upande ule, aone mkewe alichokiona. Na mimi nisimame pale kwenye jiwe, nimevaa koti na kofia yake.

Sasa hivi analigeuza gari, ubavu upande wa mto. Mlinzi kageuka anaangalia barabara kama hajaona. Jiwe bapa limerudi juu, nimeliona kutoka hapa chumba cha kufulia. Nimekaa kuandika nikimsubiri ajilaze. Nimejiuliza kitambaa nikivue au nikiache, na nimeonelea nikiache, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na namna mdomo wa mkewe ulivyokaa, mimi nadhani alikuwa anache—

Ananiita. "Mama Mashuka! Nimeshalala!"